Hodi ya Kila Dakika

Sodankylä, saa nane usiku, nje nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Kiooni mistari mia mbili na kumi na mmoja, yote kijani:
swichi ya shule, ruta ya zimamoto,
printa ya maktaba inayolilia wino tangu Jumatatu,
kipimajoto cha friji ya chanjo,
pampu ya maji kule mtoni.
Kila dakika programu hupita mlango kwa mlango.
Hodi, inasema. Karibu, inajibiwa,
kwa milisekunde tatu, kwa arobaini kama njia ni ndefu.
Haiingii. Haikai. Haiulizi habari za nyumbani.
Inaandika tu: yupo.

Mwanzoni nilidhani kuwepo kunatosha.
Kauko ndiye aliyenitoa ushamba:
"Mlango waweza kuitika, mwenye nyumba kafa ndani.
Usiiulize mashine kama iko macho,
iulize kazi. Seva ya barua, iambie itume barua.
Seva ya dawa, iambie isome jina la mgonjwa.
Ikiduwaa, hapo ndipo uogope."

Alinifunza kwamba hodi ni tatu:
ya kwanza huenda upepo umeichukua,
ya pili huenda yuko bafuni,
ya tatu isipoitikiwa, washa nyekundu.
Alinifunza nguzo ikianguka usihesabu nyaya;
swichi mama ikizimika, wanyamazishe wanawe ishirini,
msiba ni mmoja.
Akapiga funda la kahawa.
"Vipo na vifaa vinavyopiga yowe vyenyewe,
feni ikikwama, betri ikiisha.
Hivyo vishukuru. Vingi hufa kimya."

Kauko alizikwa Oktoba, kabla ardhi haijaganda.

Mstari wa mia mbili na kumi na moja ni wake.
Haumo kwenye mkataba wa manispaa.
Ni kipimajoto cha kibanda cha sauna, ukingoni mwa ziwa;
alikiingiza kwa siri, ili akiwa zamu
ajue kama Aune amewasha moto.
Niliuona. Sikuufuta.
Miezi mitatu: hodi, karibu. Hodi, karibu.
Nyuzi kumi chini. Nyuzi ishirini chini.
Hakuna aliyewasha moto.

Saa nane na dakika kumi na saba
ukakawia.
Hodi ya pili.
Hodi ya tatu.
Nyekundu.

Kitabu cha zamu kina jibu: si kifaa chetu, puuza.
Nikabonyeza "nimeona",
ambayo maana yake ni kengele inyamaze,
si kwamba lolote limefanyika.
Zamu ilipoisha nikaendesha kilomita ishirini na sita
katika asubuhi isiyo na asubuhi,
taa za gari zikilamba theluji.

Aune alifungua kabla sijagusa mlango.
"Nimekichomoa," akasema, "kile kidude chenye kijitaa.
Kinakonyeza usiku kucha, mwanga unafika kitandani kwangu.
Nimevumilia tangu mazishi. Leo nimechoka.
Ingia, Tuulikki, unaingiza baridi."

Nikamweleza. Hodi, dakika, kijani.
Akakaa kimya, kijiko kikizunguka
katika kikombe kisicho na sukari.
"Kwa hiyo kila dakika kulikuwa na mtu anapiga hodi kwangu."
"Si mtu. Programu."
"Na ikijibiwa?"
"Inaandika: yupo."
"Nani yupo?"

Kipimajoto, ningeweza kusema.
Nikatazama dirisha, ziwa jeupe, kibanda kimefunikwa hadi madirishani.
Aune akanisogezea mkate na siagi.
"Kama ni hodi, ipigwe mlangoni.
Na anayepiga aingie, akae, ale."

Nimeufuta mstari ule.
Mia mbili na kumi, yote kijani,
isipokuwa printa ya maktaba.
Jumapili nitakwenda tena.
Ameniambia nije na shoka:
kuni zipo, hazijapasuliwa.